Kikao Kilichonizuia Kula

Kwa miaka sita nilikuwa jirani na mzee mmoja Mwislamu, mjini Tanga, mtaani ilipo nyumba ya mchungaji. Kila sikukuu ya Idd alinikaribisha kwake. Kila mara nilimjibu, "Asante, mzee wangu, ila leo nina kikao." Basi jioni aliwatuma wajukuu walete sahani ya pilau iliyofunikwa kawa. Niliipokea kwa maneno mazuri, kisha nikampa mlinzi.

Sikuwa na hoja yoyote ya imani. Nyama ninayonunua buchani huchinjwa na Waislamu, nami huila bila kuuliza. Niliogopa macho ya wazee wa kanisa, basi.

Baadaye nilikwenda masomoni Hamburg, Ujerumani, mji wenye Waafghanistani wengi. Jioni moja mwanafunzi mwenzangu alinipeleka kwenye mkahawa wao wa asili. Tulivua viatu, tukakaa juu ya jukwaa fupi la mbao lenye zulia na mito ya kuegemea. Katikati yetu kilitandikwa kitambaa wanachokiita dastarkhan, ambacho ndicho meza yao.

Kabla ya chakula alikuja mwenye mkahawa, mzee wa ndevu nyeupe, akiwa na birika la shaba na beseni. Nilinyoosha mkono nilipokee birika ninawe mwenyewe. Akatikisa kichwa. Kwao mgeni hunawishwa. Akanimiminia maji polepole, kisha akanipa taulo. Mimi ninayehubiri kila Alhamisi Kuu juu ya Yesu kuwaosha wanafunzi miguu, niliona haya kama Petro.

Ikaletwa kabuli palaw: wali wa mchele mrefu, nyama ya kondoo imefichwa chini yake, na juu karoti nyembamba na zabibu kavu. Harufu ya iliki ilikuwa ya nyumbani kabisa. Hata jina ni la nyumbani, kwa maana neno letu pilau asili yake ni Kiajemi, na Kidari kinachozungumzwa Kabul ni Kiajemi hichohicho.

Mzee akaniuliza kwa Kijerumani kama nimewahi kuona chakula cha namna hii. Nikamjibu kwamba jirani yangu huniletea. Hakuniuliza kama huwa nakila.

Usiku ule nilifungua Wagalatia sura ya 2. Mstari wa 16, wa kuhesabiwa haki kwa imani, sisi Walutheri tunaujua kwa moyo. Nami nimewafundisha watoto wengi wa kipaimara. Lakini ugomvi wenyewe unaanzia mezani. Kefa alikuwa akila na watu wa Mataifa kule Antiokia. Walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, akajitenga kwa hofu. Paulo hakuliona hilo kuwa kosa la adabu tu. Aliona Injili yenyewe imepindishwa.

Najua jirani yangu si Mkristo kama wale wa Antiokia. Hofu yangu, hata hivyo, ilikuwa ileile ya Kefa. Kama Mungu amekwisha kunihesabia haki kwa neema, nilikuwa natafuta hesabu gani nyingine machoni pa watu? Nilifundisha mstari wa 16 huku nikiishi mstari wa 12.

Niliporudi Tanga, siku ya Idd nilivaa kola yangu ya uchungaji, nikapita mchana kweupe mbele ya nyumba ya mzee wa kanisa, nikabisha hodi kwa jirani. Alinitazama kitambo.

"Karibu, Mchungaji. Kumbe kile kikao kimekwisha?"

"Kimekwisha, mzee wangu. Nisamehe."

Hakusema zaidi. Alimwita mjukuu alete maji, akaninawisha mwenyewe, tukakaa mkekani tukala.

Msharika mwenzangu, kama nawe una kikao cha namna hiyo, kifunge kwa sala, uende ukale.