Trekta Likigoma

Mume mwenzangu,

Bibi yako kanikemea, eti huu ni wosia na wosia hauna utani. Haya basi, mjukuu wangu. Macho yangu hayauoni tena mstari wa jembe, na magoti yamekataa kupanda. Lile Massey Ferguson 135 ni lako kuanzia msimu huu. Ada ya baba yako ilitoka kwenye ekari za watu lilizolima, na yako pia.

Siku litakapogoma, nayo itakuwa siku ya mvua ya kwanza huku wateja wamejaa uani, usikimbilie spana. Sikiliza kwanza, kisha tazama bomba la moshi.

Likitoa mlio mmoja, "tik", likanyamaza, au stata ikajikokota kama mlevi anayepanda mlima, dizeli haina kosa. Fungua vichwa vya betri, mwagia maji ya moto ule ukungu mweupe, sugua kwa msasa mpaka ving'ae, kaza. Waya wa ethi nao ufuatilie hadi pale unapofungwa kwenye chuma, maana kutu hupenda kujificha hapo.

Stata ikizungusha kwa nguvu na injini isiwake, sasa bomba litakuambia. Moshi mweupe maana yake dizeli inafika ila haipati joto la kuwaka. Injini hii haina plagi za cheche. Inawashwa na joto la hewa iliyobanwa tu, na asubuhi zetu za Hanang unazijua. Moshi usipotoka hata kidogo, dizeli haifiki. Hapo angalia kile kishikio unachovuta ukitaka kuzima injini. Usicheke. Mimi niliwahi kufungua filta, nikafungua mabomba, nikabeba pampu hadi kwa fundi mjini, nikauza ndama kumlipa. Niliporudi na kuifunga nikakuta kishikio kimevutwa tangu jana yake. Bibi yako anaamini mpaka leo ndama yule aliliwa na fisi. Ukimsomea barua hii, hapa paruke.

Kama dizeli iliisha shambani, au umebadilisha filta, pampu imemeza hewa na lazima uitoe. Jaza tangi. Legeza skrubu ya juu ya filta, kisha piga kile kiwiko kidogo cha pampu ya kuvutia mafuta, ubavuni mwa injini. Ukikiona kinalegea mkononi bila kusukuma chochote, hakijafa. Zungusha injini mzunguko mmoja halafu urudie, kitashika. Kwanza litatoka povu kama la pombe ya mtama, halafu matone, halafu dizeli safi isiyo na kiputo. Kaza huku ingali inatoka. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu za pampu ya noseli. Mwisho legeza nati za mabomba matatu pale kwenye noseli, upige stata mpaka kila bomba liteme. Usiweke kidole hapo kupima, dizeli ya msukumo ule hupenya ngozi. Na stata usiikandamize zaidi ya sekunde 15. Ipumzishe, usije ukaiunguza.

Likiwaka vizuri, likalima saa nzima, likazimika, kisha likawaka tena baada ya kupumzika, usimwite fundi. Tazama kitundu cha mfuniko wa tangi. Matope yakikiziba, hewa haiingii na dizeli haishuki.

Sasa lile lililonifanya niandike badala ya kukuambia tu. Kuna swichi inayozuia stata isizunguke mpaka gia iwe nyutro. Swichi hiyo ikiharibika, vijana husimama chini kando ya gurudumu la nyuma na kugusanisha nguzo za stata kwa bisibisi. Mwenzangu mmoja alifanya hivyo mbele yangu tukiwa vijana. Trekta lilikuwa kwenye gia. Liliwaka mara moja, vizuri kuliko siku zote, likampanda. Nililikimbilia kulizima, na mkono wangu haukukiona kishikio kile kile ninachokuambia. Tulimzika siku ya pili yake. Nakukataza. Swichi ikifa, wateja wasubiri, mvua ipite, mpaka upate nyingine. Washa ukiwa umekaa kitini.

Spana zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Ni za inchi. Nati nyingi za injini ile ni za inchi, na spana ya milimita itazila kona. Moja haimo, ile ya 5/8. Iko kwa jirani wa upande wa mto tangu mavuno. Kaichukue kabla mvua haijaanza, na akikuambia alishairudisha, mwambie babu kasema ajaribu kutazama kwenye ghala la mahindi.