Zamu ya Ukoko

Kwetu Ngamiani, Tanga, mtoto aliyejitolea kuosha sufuria kabla wali haujaiva hakuwa amewazidi wenzake adabu. Alikuwa anajiwekea nafasi. Mwosha sufuria ndiye mwenye ukoko: hiyo ndiyo sheria tuliyoikuta, na mama hakuwahi kuieleza wala kuibadilisha. Tulikuwa watoto watano, mimi wa tatu, na sufuria ya wali ni moja. Mtu aliweza kuacha mchezo wa mdako katikati, akaingia mbio kupitia ukumbini huku akipiga kelele, "Leo naosha mimi!" Kazi nyingine zote za nyumba ile zilisubiri uitwe kwa jina, na mara ya pili uitwe kwa kofi.

Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, wapangaji tukigawana choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Kila mama alikuwa na jiko lake la mkaa uani. Hakuna aliyepika amesimama. Mama alikaa juu ya kigoda, kanga ya pili kaifunga kiunoni, vyombo vyake vimemzunguka kama wateja. Moto ulikuwa chini, mama chini, na sisi chini. Mdogo wetu wa mwisho alikaa kwenye mkeka mahali ambapo mkono wa mama unamfikia lakini mkono wake haufikii jiko. Umbali huo mama aliujua bila kuupima, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeungua vibaya.

Wali haukuwa wa kila siku. Siku nyingi zilikuwa za ugali na dagaa, au muhogo, au futari iliyozidi msimu wake. Wali ulikuwa wa Ijumaa na wa mgeni. Basi Ijumaa kazi ilianza mapema, na hapakuwa na mtoto asiye na sehemu yake. Wakubwa walipewa ungo wachague mchele, watoe mawe na chuya. Aliyefuata alipanda juu ya mbuzi kukuna nazi. Kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi mwingine, wa maji ya nazi: mama aliipiga nazi kwa mgongo wa panga, akainamisha kikombe, na kikombe hicho kilikuwa na zamu yake iliyokumbukwa wiki nzima. Kukuna kwenyewe hakukuwa raha. Mbao ilikuwa nyembamba, meno ya chuma yako kati ya magoti yako, na ukizubaa unakuna kidole. Ukifika karibu na kifuu mama anakwambia acha, maana ukikwangua sana tui linaingia weusi. Halafu machicha yakakamuliwa kwenye kifumbu mara mbili, tui la kwanza likawekwa pembeni kama mgeni wa heshima, la pili likabandikwa jikoni na chumvi yake.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu ukoko hautoki popote tu. Unatokana na namna moto ulivyopangwa. Mchele ukishakunywa tui la pili na la kwanza likaongezwa, mama aliugeuza mara moja, akafunika kwa sinia la bati, kisha akatoa makaa nusu kwa koleo na kuyapalia juu ya sinia. Moto chini kidogo, moto juu kidogo. Hapo wali unaachwa. Mafuta ya nazi yanashuka taratibu mpaka kwenye kitako cha sufuria na kuanza kuukaanga ule wali wa chini kabisa, na harufu inageuka kutoka ya maziwa kuwa ya karanga. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa adhana yetu. Ukipakuliwa wali, kule chini kunabaki kipande cha rangi ya asali, kigumu ukingoni, laini kidogo katikati, na mwiko ukiingia vizuri kinabanduka chote kama chapati. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Unguja, anauita matandu, na husema hatujui kuupika sisi wa bara. Tanga anaihesabu bara. Nimeamua kutobishana naye.

Tulitishwa, bila shaka. Anayekula kwenye sufuria, siku ya harusi yake mvua itanyesha. Sikuona kama ni bei kubwa. Harusi yangu ilikuwa Aprili, katikati ya masika, ikanyesha tangu alfajiri mpaka turubai likaanza kumwaga maji kwenye sahani za wageni, na kaka yangu mkubwa akaninong'oneza sikioni: "Ukoko ule wote, dada. Ulidhani haukuandikwa?"

Mabadiliko yaliingia nyumbani kwa jiko la mchina, miaka ya tisini mwanzoni. Lilikuwa la kijani, lina tambi kumi, na baba alilileta kwa baiskeli amelifunga nyuma kwa mpira kama anayeleta mbuzi wa Idi. Chai ikaiva upesi, uji wa mdogo wetu ukaiva upesi, na mimi nikapata kazi mpya ya kutumwa mafuta ya taa na chupa yenye kizibo cha karatasi. Lakini moto wa tambi haupaliwi. Unapiga mahali pamoja katikati ya sufuria, kwa hiyo ukoko ulikuwa duara dogo jeusi, na kando yake wali mbichi. Tena ulinuka mafuta ya taa. Tuliula, tusidanganyane, lakini hakuna aliyeacha mdako kwa ajili yake. Ijumaa mama alirudi kwenye mkaa bila kutoa maelezo.

Nilipohamia Dar es Salaam kuanza kazi, chumba changu cha kupanga Mabibo kilikuwa na jiko kama hilohilo mlangoni. Nililipenda kwa uvivu wangu. Kisha bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, kwa kuwa watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Uchakachuaji, neno ambalo mwaka ule lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, kuanzia kijiweni hadi bungeni. Sisi wenye majiko ya tambi tulilipia dhambi ya wenye malori. Majiko yakaanza kutupwa nyuma ya nyumba, kuku wakatagia humo. Waliokuwa nazo wakanunua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, ule unaofungwa kichwa cha jiko juu yake. Wasiokuwa nazo wakarudi kwenye mkaa wa kupimiwa kwa kopo. Mimi nilirudi kwenye mkaa miaka miwili, ndipo nikapata mtungi.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa nikiwa tayari mtu wa gesi. Wa pili alipozaliwa tulikuwa na mtungi wa kilo 15 na jiko la plate mbili juu ya meza ya zege, ndani ya nyumba, mlango unafungwa. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Moto ulikuwa umepanda. Ulikuwa sasa kwenye usawa wa kiuno changu, yaani usawa wa uso wa mtoto, na mpini wa sufuria umetokeza mahali hasa ambapo mkono wa mtoto wa miaka mitatu unataka kushika. Ule umbali aliokuwa akiujua mama, mimi nilikuwa sina pa kuupatia. Jikoni kwetu watu wawili wakiingia mmoja anakuwa kabati. Kwa hiyo nikaweka sheria, na dada anayenisaidia kazi akaisimamia kwa bidii kuliko mimi: mtoto haingii jikoni. Siku nzima nyumba yangu ilikuwa na wimbo mmoja, "Tokeni huko, kuna moto!"

Na kwa nini waingie? Nazi inakunwa sokoni kwa mashine, nawe unasubiri na mfuko wako. Siku ninazochelewa nanunua tui la boksi. Mchele unauzwa umeshapangwa madaraja, hauna mawe ya kuchagua. Sufuria yangu ya wali ni ya zile zisizoshika chakula, zawadi ya harusi ya mtu mwenye nia njema, na wali wake unamwagika wote mpaka punje ya mwisho, chini kunang'aa. Hakuna kilichobaki jikoni kinachohitaji mikono midogo. Wanangu wanaletewa sahani mezani kama wageni wa hotelini, na kama wageni wa hotelini wanalalamika. Mkubwa hataki mchuzi uguse wali. Mdogo, sitaficha, kwa muda mrefu alikula tu akiwekewa katuni kwenye simu, mdomo unafunguka wenyewe, macho hayajui kilichoingia. Nilikuwa nikimlaumu dada kwa hilo mpaka nilipojikuta nafanya vilevile siku ya Jumapili.

Lakini siutamani mkaa. Anayeusifu apewe jiko aliwashe mwezi wa nne, mkaa umelowa, mtoto analia, na kipepeo ni mfuniko wa ndoo. Mama yangu ana kikohozi ambacho tumekizoea mpaka tunakitumia kujua yuko chumba gani. Mei 2024 Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, alisikia kwenye redio akanipigia kuuliza kama watapita nyumba kwa nyumba kuchukua majiko. Nikamwambia hapana, mama. Akasema basi waje tu, kuna moja limetoboka.

Sasa, mwaka jana gesi iliniishia Jumapili jioni. Mvua, duka la karibu limefungwa, dada yuko kwao likizo. Jiko la mkaa lipo nyuma ya nyumba, tunalitumia sikukuu kuchomea mishikaki. Nikaliwasha kwa nusu saa na machozi. Nikaenda na sufuria ya zamani ya bati, nikatafuta mahali pa kukaa, nikageuza ndoo. Sikumwita mtu. Lakini nilipoinua macho wote wawili walikuwa wamechutama mbele yangu, mkubwa kaniuliza kwa nini mkaa unalia, mdogo kaokota kifuniko anapepea jiko kwa upande usiofaa na majivu yote yananijia mimi. Nikamvuta nyuma kidogo. Kidogo tena. Hapo. Ilikuwa takribani hatua moja na nusu ya mtoto, kama kuna anayetaka kujua.

Nikapalia makaa juu ya mfuniko. Harufu ikageuka. Niliisikia kabla ya kuielewa, na nadhani nilisimama. Nikapakua, nikaingiza mwiko pembeni, na ukoko ukabanduka karibu wote, kipande kimoja, rangi ileile. Nikaukata katikati, nikawapa kama anayetoa hati ya shamba.

Mkubwa akaugeuza. "Mama," akasema kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwaibisha mwenziwe, "umeunguza."

Mdogo akalamba, akamtazama kaka yake, akauweka chini.

Usiku nikampigia mama simu, nikitaka anicheke. Nikamsimulia zamu, ugomvi, kaka na mvua ya harusi, jinsi ukoko ulivyokuwa mnene miaka ile, mnene kuliko huu wangu, hasa mwaka ule baba alipopunguzwa kazini. Nikamwambia hiyo ndiyo starehe ya utoto wangu ninayoikumbuka kuliko zote.

Mama akanyamaza kidogo, akakohoa, akasema: "Mnene kwa sababu nilikuwa naacha moto makusudi."

Nikauliza makusudi vipi.

"Wali laini mtoto anameza tu, dakika moja sahani nyeupe, anakutazama. Ukoko anautafuna. Unamchelewesha. Tulikuwa watu saba, mwanangu, na mwisho wa mwezi mchele ni nusu kilo. Nikiwapa mgombanie, anayepata anajiona tajiri, anayekosa anangoja zamu yake Ijumaa ijayo. Hakuna aliyeniuliza kwa nini wali ni kidogo."

Sikuwa na la kusema. Miaka yote nimeibeba ile sheria ya sufuria kama mchezo wetu sisi watoto, kumbe ilikuwa hesabu yake, na alikuwa akiikokotoa mbele ya macho yetu, amekaa juu ya kigoda, hatua moja na nusu kutoka tulipokaa. Nikataka kumuuliza yeye alikuwa akila nini, kisha nikaona swali hilo nilipaswa kuliuliza mwaka 1993.

Yeye hakuwa na huzuni yoyote. Alikuwa ameshahamia kwenye jambo jingine.

"Leo umepika kiasi gani?"

"Kilo."

"Mko wangapi hapo?"

"Wanne."

Nikamsikia akicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi, na kikohozi kikaishia kwenye kicheko. "Kilo kwa watu wanne, tena wawili vitoto," akasema. "Mwanangu, sasa ukoko wa nini?"

Sufuria usiku ule niliiosha mimi.