Siku Tuliyopanda Kilima cha Wire

Anayetoka Mombasa kwenda Kosele hana budi kuivuka Kenya karibu yote. Niliondoka usiku baada ya Isha, alfajiri ikanikuta Nairobi, na kutwa nikashinda njiani: Bonde la Ufa, mashamba ya ngano ya Narok, vilima vya chai vya Bomet na Kisii, hata jua lilipokaribia kuchwa tukaingia Oyugis, katika kaunti ya Homa Bay. Kutoka hapo Kosele si mbali. Mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha kunyesha, na ardhi ilitoa ile harufu ambayo sisi watu wa mchanga na chumvi huisikia mara chache.

Ni mji mdogo wa kando ya barabara. Wanawake wamepanga mafungu ya viazi vitamu, vijana wa pikipiki wanangoja abiria, na ukitoka hatua chache tu unakutana na nyua za minyaa zilizozunguka maboma ya Wajaluo. Kaka yangu amekaa huku miaka kumi na minane akiuza vipuri. Mkewe ni mzaliwa wa Kendu Bay, mji wa ukingoni mwa Ziwa Viktoria wenye Waislamu wa Kijaluo wa tangu zamani, na wali wake wa nazi, nakiri, unaushinda wangu.

Sikwenda kutembea tu. Miaka mitatu iliyopita binti yao mkubwa, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, aligongwa na lori alipokuwa akirudi shuleni kwa pikipiki. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Mwezi uliopita alinipigia simu akaniambia kwamba anataka kupanda Mlima Kilimanjaro. Nilicheka. Kaka alichukua simu akasema kwa upole, “Dada, njoo kwanza uone, kisha ucheke.”

Usiku ule, baada ya kula, binti alinionyesha daftari lake. Wengine wa umri wake huandika humo mambo mengine. Yeye ameandika watu na milima. Ukurasa wa kwanza ni wa Mkenya, Douglas Sidialo. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu zaidi ya mia mbili, yeye alinusurika lakini akapoteza macho yote mawili. Sisi Waislamu wa Pwani tunaikumbuka siku ile kwa uchungu wa namna mbili: uchungu wa waliouawa, ambao miongoni mwao walikuwamo pia ndugu zetu katika dini, na uchungu wa kusikia kwamba waliotenda walijinasibisha na imani yetu. Kwa hiyo nilisoma ukurasa ule polepole. Mwaka 2005 Sidialo alifika kileleni Kilimanjaro, na amekwisha kusema hadharani kwamba amewasamehe waliompofusha. Sijui ni mlima upi kati ya hiyo miwili uliokuwa mrefu zaidi.

Nilimuuliza binti: asiyeona hupandaje? Akanieleza habari za Erik Weihenmayer, Mmarekani kipofu aliyefika kilele cha Everest mwaka 2001. Mwenzake hutangulia akiwa amefunga kengele ndogo, naye huifuata sauti, huku fimbo mbili ndefu zikimpapasia njia. Hashikwi mkono wala haburutwi. “Kengele tu, shangazi,” alisema, na akaninyanyulia kidole kama mwalimu.

Ukurasa mwingine ulinigusa zaidi. Mwezi Januari 2014 vijana wawili wa Kipalestina, msichana na mvulana ambao kila mmoja alikuwa amepoteza mguu, walifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, wakiwa pamoja na Suzanne Al Houby, mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kupanda Everest. Na upo ukurasa wa Arunima Sinha wa India. Huyu alikuwa mchezaji wa mpira wa wavu. Mwaka 2011 wanyang’anyi walimsukuma kutoka kwenye treni iendayo, mguu ukakatwa, na tarehe 21 Mei 2013 akasimama juu ya Everest. Miaka miwili tu! Wifi yangu, aliyekuwa akikunja nguo, alisema kwamba yeye kwa miaka miwili hajamaliza hata kushona pazia.

Lakini si wote waliofunguliwa mlango. Mwishoni mwa mwaka 2017 serikali ya Nepal ilipiga marufuku vipofu na waliokatwa miguu yote miwili kupanda Everest, kwa hoja ya kuwalinda. Hari Budha Magar, askari Mgurkha aliyepoteza miguu yote miwili Afghanistan mwaka 2010, alikuwa tayari akijiandaa kwa safari hiyo. Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile iliibatilisha amri hiyo mwaka 2018, na tarehe 19 Mei 2023 akafika kileleni kwa miguu ya bandia. Nililala nikilifikiria neno lile, kulinda. Mimi nalo nimelitumia sana.

Asubuhi tulitoka mapema, binti, mamake na mimi, kwenda kilima cha Wire, upande wa Oyugis. Kabla ya kuondoka alikaa kitandani akanionyesha jinsi anavyovaa mguu wake, jambo ambalo sikuwahi kulitazama. Kigutu huvishwa soksi maalumu, kisha huingizwa katika kikombe kigumu cha mguu wa bandia. Kigutu hakidumu na ukubwa mmoja. Mchana hupungua, mguu ukaanza kucheza, na hapo huna budi kuongeza soksi ya pili, hata ya tatu. Usipoongeza, ngozi huchubuka, na ngozi ikichubuka hutavaa mguu kwa wiki nzima. Alitia soksi nne za akiba katika mkoba wake, pamoja na maji, viazi vitamu vya kuchemsha na kitambaa cha kujifutia jasho. Mimi nilitia mwavuli.

Wire si Kilimanjaro, na mwenye miguu mizima anaweza kukiita kilima cha kawaida. Njia hupita kati ya vichaka na miti, kisha mawe huanza. Hapo nilimshika mkono. Akasimama.

“Shangazi, usinishike. Ukinishika unanivuta, nami nitaanguka. Nyoosha mkono wako uache hapo. Nikiuhitaji nitaushika mimi.”

Mama yake alikuwa mbele, akapunguza mwendo bila kugeuka nyuma, akasema neno moja la Kijaluo, “Mosmos.” Maana yake ni polepole. Nimesikia kwamba ndilo neno ambalo waongoza wageni wa Kilimanjaro hulirudia tangu langoni hadi kileleni, kwa sababu kule juu hewa ya kuvuta kwa kila pumzi ni kama nusu ya ile tunayoivuta sisi ufukweni, na anayekimbia hurudishwa akiumwa kichwa na kutapika, awe na miguu miwili au asiwe nayo.

Basi nikatembea na mkono wangu umenyooshwa kama muomba sadaka. Katika nusu ya kwanza aliushika mara mbili. Katika nusu ya pili nilikuwa nahema kiasi kwamba fimbo yake moja ilihamia kwangu, wala hatukusema lolote juu ya hilo.

Tulipoketi kuongeza soksi, alisema bila kunitazama, “Shangazi, unakumbuka harusi?”

Ninakumbuka. Mwaka jana, Mombasa, tulipokuwa tukimwoza binti wa dada yetu, mimi ndiye niliyempeleka akakae nyuma ya ukumbi, nikavuta buibui lake hata likafunika mguu wote. Nilijiambia kwamba namsitiri asitazamwe na watu. Ukweli ni kwamba wageni wa upande wa bwana harusi walikuwa wanaingia, na sikutaka waulize. Sote tunazijua nyumba za mitaa yetu ambamo mtoto hutajwa kwa sauti ya chini na chumba cha uani hufungwa wageni wakija. Na hali Bombolulu, palepale kwetu, tangu mwaka 1969 kuna karakana ambamo watu wenye ulemavu wanafua mapambo, wanashona na wanalisha watoto wao. Nimenunua vipuli pale mara nyingi.

Nilimwomba radhi. Alinyamaza kidogo, akafunga kamba ya kiatu, akasema, “Nilikuwa nimevaa dera jipya.” Basi. Akainuka.

Juu kuna upepo. Upande wa kaskazini nchi hushuka kuelekea Ghuba ya Winam, na mbali kidogo vilima vya Homa husimama peke yao. Wifi alinyoosha kidole kuelekea kwao Kendu Bay, palipo na ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji pale. Usiku mmoja wa ngoma alifika bibi kizee dhaifu aliyeomba hifadhi, wakamfukuza isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea, na kabla ya asubuhi kijiji kizima kilizama majini. Alikisimulia kisa hiki akimenya kiazi, kama mtu anayeeleza bei za sokoni. Binti alikuwa amekisikia tangu utotoni na alikuwa akihesabu mambo mengine: sehemu ya Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, kwanza, Kilimanjaro baadaye, akimaliza shule.

Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Mguu wa bandia hauna kifundo kinachojikunja kama chetu, na uzito wote huangukia goti. Kwenye mteremko wa mawe aliketi chini akateleza kwa makalio kama mtoto, akicheka, na nguo yake ikachafuka tope lote. Mara moja alianguka kweli. Nilinyoosha mkono nikauacha hapo, na huo ulikuwa muda mrefu kuliko yote katika safari ile. Aliushika.

Nyumbani alivua mguu, akakagua ngozi kwa kioo kidogo. Palikuwa na wekundu wa ukubwa wa shilingi, hakuna kilichochubuka. Niliondoka kesho yake. Kituoni Oyugis, basi likinguruma, alinipa karatasi ya vitu vya kumletea mwezi wa Shaaban atakapokuja Mombasa likizo: halua, kashata za nazi, na soksi za pamba jozi sita, ndefu, zisizo na mshono ndani.