Sarafu ya joka

Juu ya meza yangu iko sarafu moja ya manjano yenye picha ya joka. Wengi wenu huuliza kama ni zahabu. Sikilizeni habari yake.

Nilipokuwa kijana huko Ulaya, nilipenda kukusanya feza za kale za Uchina. Sarafu za shaba nilizipata kwa bei ndogo, maana Wachina walitumia sarafu za namna hiyo kwa miaka zaidi ya 2000. Zilikuwa na tundu la pembe nne katikati, nao walizitunga katika kamba kama shanga. Lakini za zahabu ni chache sana. Katika miaka 1906 na 1907, mfalme Guangxu alipokuwa akitawala, kiwanda cha sarafu cha Tianjin kilipiga sarafu chache za zahabu zenye joka, kwa kujaribu tu. Hazikuingia sokoni. Katika mwaka 1912 ufalme wa Uchina ukaisha. Kwa hiyo matajiri wanazitafuta hata leo.

Siku moja mchuuzi akanionyesha sarafu ya joka. Moyo ukanidunda. Nikampa akiba yangu ya mwaka mzima. Sikumwuliza mtu, wala sikuipima.

Jioni nikaipeleka kwa jirani yetu, mzee mfua zahabu. Akafungua kitabu, akapima upana wake, kisha akaiweka katika mizani.

"Ukubwa ni sawa," akasema. "Lakini ya kweli ina gramu 37 hivi. Hii ina 16 tu. Zahabu ni nzito kupita shaba zaidi ya mara mbili. Mwanangu, umeuziwa shaba iliyopakwa zahabu kidogo juu."

Kesho yake rafiki yangu akaja, akaiona, akaitamani.

"Niuzie," akasema. "Nitakupa bei ileile uliyoitoa."

Hakujua neno lolote. Nikaishika sarafu, nikanyamaza kitambo. Akiba yangu yote ilikuwa karibu kurudi mfukoni.

Mwisho nikamwambia, "Acha. Ni shaba."

Akanicheka sana, nami nikaona haya. Lakini usiku ule nililala vizuri. Mchuuzi alikuwa mwongo wa kwanza. Kama ningaliiuza, wa pili ningalikuwa mimi.

Basi mkiniuliza tena, nitawapa sarafu hii pamoja na mizani. Pimeni kwanza, ndipo mseme.