Karura: Matembezi ya marafiki wawili kando ya mto, baridi ikielekea ukingoni

AGOSTI inapokaribia kwisha, baridi ya Nairobi huwa bado haijaaga. Mawingu hulala chini asubuhi nzima, manyunyu huja na kuondoka, na watoto hawatoki nje bila sweta. Lakini kuanzia saa tano hivi jua huchungulia, na njia za miguu zilizokuwa matope matupu mwezi Julai huanza kukauka. Kwa mzazi anayetaka kunyoosha miguu, huu ni wakati mzuri wa kuingia Msitu wa Karura.

Msitu huu ulio kaskazini mwa jiji una ukubwa wa zaidi ya hekta 1,000, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa kuhifadhiwa mwaka wa 1932. Muthaiga, Gigiri na Runda ni majirani zake. Magari ya Barabara ya Limuru na ile ya Kiambu hayako mbali, lakini ukishapiga hatua mia chache ndani, kinachosikika ni ndege, upepo na vishindo vya kima wakirukiana matawini. Ukiwa na bahati utamwona mbega, yule tumbili mweusi mwenye manyoya meupe marefu mgongoni na mkiani.

Njia za miguu zina urefu wa zaidi ya kilomita 50 kwa jumla. Inayopendwa sana na familia ni ile inayofuata Mto Karura, kupitia mapangoni hadi kwenye maporomoko ya maji. Kila njia panda ina kibao chenye nambari, kwa hivyo si rahisi kupotea.

Uhuru huu wa kutembea haukuja bure. Katika miaka ya 1990, sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi ili zijengwe majumba. Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha vuguvugu la Green Belt mwaka wa 1977, aliongoza upinzani. Mnamo Januari 8, 1999, yeye na wenzake walishambuliwa walipofika kupanda miti, naye akajeruhiwa kichwani. Miaka mitano baadaye alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Hata baada ya msitu kuokolewa, wengi waliendelea kuuogopa kwa sababu ya wahalifu. Hali ilibadilika baada ya 2009, wakati Shirika la Huduma za Misitu na kundi la Friends of Karura Forest walipoanza kuusimamia kwa pamoja, wakaweka ua na walinzi. Leo utakutana humo na mama aliyembeba mtoto mgongoni, peke yake, bila wasiwasi.

‘Polepole, mimi si mwanajeshi’

Jumamosi moja mwishoni mwa Agosti, wanawake wawili waliingia kupitia lango la Barabara ya Limuru saa tatu kasorobo asubuhi. Wamejuana tangu shule ya upili. Mmoja ni mwalimu, mwenzake anauza nguo. Wote ni wazazi. Wameomba majina yao yasichapishwe kwa sababu ya mambo waliyozungumza njiani.

Muuza nguo alikuwa amemwachia nyanya mtoto wake wa miezi minane. Mimba ya mtoto huyo ilimsumbua. Alipata kifafa cha mimba, hali inayoanza kwa shinikizo la damu kupanda baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, na akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alipona, mama akapona. Lakini shinikizo halikushuka kama ilivyotarajiwa, akapewa vidonge vya kumeza kila siku na kushauriwa atembee.

Kutembea peke yake kulimshinda. Mwalimu ndiye aliyekata shauri. Alimpigia simu Ijumaa usiku na kumwambia: “Kesho uvae viatu vya kufunga kamba. Nakuja kukuchukua.”

Sehemu ya kwanza ya njia hupita chini ya mikaratusi mirefu, kisha huteremka kuelekea mtoni ambako miti ya kiasili hubana zaidi na baridi huongezeka. Hapo mawe huwa na utelezi. Mwalimu alitangulia kwa kasi, mwenzake akamwita: “Dadangu, polepole, mimi si mwanajeshi!” Wakacheka, wakapunguza mwendo.

Mwendo ule wa pili ndio unaofaa. Wataalamu wa mazoezi wana kipimo rahisi kisichohitaji saa wala mashine: ukiweza kuzungumza unapotembea lakini huwezi kuimba, moyo wako unafanya kazi ya wastani. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, punguza. Ndiyo maana kutembea na rafiki kuna faida maradufu. Porojo zenyewe ni kipimo.

Mapangoni

Baada ya mteremko, njia hufika kwenye mapango yaliyo katika mwamba. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo katika miaka ya 1950. Ukisimama mlangoni, unahisi unyevu usoni na harufu ya udongo na popo. Watoto hupenda kuchungulia, ila ni vyema wafanye hivyo wakiwa wameshikwa mkono.

Ni hapo, wakiwa wameketi juu ya jiwe wakinywa chai ya chupa, ambapo muuza nguo alisema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata mumewe. Vidonge aliviacha tangu Juni.

“Sihisi chochote,” alisema. “Kichwa hakiumi. Na watu walisema dawa itaingia kwenye maziwa imdhuru mtoto.”

Mwalimu anasema alitaka kumgombeza, akajizuia. Alimuuliza tu swali moja: “Kliniki yako hufunguliwa saa ngapi Jumatatu?”

Kisa hiki si cha mwanamke mmoja. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote, na kutohisi kitu si ushahidi kwamba limeshuka. Kwa akina mama wengi waliopata kifafa cha mimba, shinikizo hurudi kawaida wiki chache baada ya kujifungua. Likiendelea kuwa juu baada ya wiki 12, linahitaji kutibiwa kama ugonjwa wa kudumu. Hata aliyepona kabisa anabaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata shinikizo, maradhi ya moyo au kiharusi miaka ya baadaye, kwa hivyo apimwe kila mwaka.

Kuhusu maziwa, zipo dawa za shinikizo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Mwenye wasiwasi amuulize daktari ambadilishie, badala ya kuacha kimyakimya. Na maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi si mambo ya kusubiri Jumatatu. Nenda hospitalini mara moja.

Kwenye maporomoko

Kutoka mapangoni, njia huandamana na mto hadi kwenye maporomoko. Mwishoni mwa Agosti maji hayana vurugu za msimu wa mvua ya masika, lakini bado yanatosha kurusha manyunyu hadi kwa aliyesimama kando. Marafiki hao walikaa pale karibu nusu saa, wakasema machache. Kupanda kurudi kulikuwa kugumu, wakapumzika mara mbili.

Jumatatu walienda kliniki pamoja. Shinikizo lilikuwa juu. Daktari alimpa dawa inayomfaa mama anayenyonyesha na kumtaka arudi baada ya wiki mbili. Jioni hiyo alimweleza mumewe, ambaye sasa ndiye anayemkumbusha kumeza vidonge saa mbili usiku.

Ukipanga kwenda

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa siku tano. Watoto wa miaka mitano hadi 17 wanahitaji wastani wa saa moja kila siku. Jumamosi moja msituni haitoshi, lakini ni mwanzo. Zilizobaki zitimize mtaani kwako.

Matatu za kuelekea Ruaka hupita Barabara ya Limuru. Malipo ya kiingilio ni kwa simu. Tangu Juni 5, 2020, chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu iliyohifadhiwa, kwa hivyo beba maji kwa chupa ya kudumu. Wavalishe watoto nguo za kuvuliwa moja moja, maana wataanza na baridi na kumaliza na jasho. Wasinywe maji ya mto, kwa kuwa hupitia maeneo yenye makazi kabla ya kufika msituni.

Na kama una rafiki aliyejifungua mwaka huu, mwalike. Tembeeni polepole, mmpe nafasi ya kusema.