Dakika Nne

Kuanzia mwaka 2026, mwanamume wa miaka 35 hata 39 atakaye kuomba nafasi katika mbio za Boston, Marekani, sharti awe amekwisha kukimbia kilometa 42.195 kwa muda wa saa 3. Mimi nalipita kwa dakika 4. Moyo ukavunjika, viatu vikakaa uvunguni majuma mawili.

Siku moja nalimrudishia mtoto hesabu zake, azifanye tena. Akauliza, "Mwalimu, mbona wewe hukimbii tena?" Nalinyamaza.

Alasiri ile nikarudi barabarani. Sasa siziwazi saa 3. Nawaza kilometa moja tu, dakika 4 na sekunde 16, kisha nyingine. Mtoto yule hushika saa chini ya mwembe. Jana alitangaza sekunde 19, wala hakunihurumia.