Sisi Upande wa Picha

Jamaa alitaka euro 35 kwa postikadi moja. Kipande cha karatasi kisichozidi kiganja, pembe moja imeliwa na panya, na bado ananiambia kwa upole kwamba bei haipungui.

Ilikuwa kwenye soko la vitu vikuukuu hapa Leipzig, lile ambalo wazee huuza kila kitu, kuanzia vijiko vya fedha hadi meno ya bandia (nimeyaona kwa macho yangu, msicheke). Wauza postikadi wana meza yao. Maboksi yamepangwa kwa miji, kila mji na kikaratasi chake, na nyuma kabisa kuna boksi lililoandikwa "Makoloni". Humo, katikati ya Togo na Samoa, nikaikuta Tanga. Tanga ya kwetu, imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Wanawake wawili wamesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Mmoja anamtazama mpiga picha kama anayemdai. Chini pamechapishwa kwa Kijerumani: wanawake wa Kiswahili, Tanga. Basi, hayo ndiyo maelezo yao yote. Ukiigeuza, mambo ni mengine kabisa. Stempu ya heller 4 yenye meli ya Kaisari, muhuri wa posta ya Tanga wa mwaka 1908, jina la aliyeandika, jina la mama yake, mtaa, nambari ya nyumba, mji wa Görlitz. Nilijaribu kupatana kama mtu yeyote aliyelelewa Ngamiani. Muuzaji akaniomba nisiikunje. Nikalipa, nikaondoka nimenuna.

Nikampelekea jirani yangu wa ghorofa ya chini, kwa sababu mwandiko wenyewe ni ule wa zamani wa Kijerumani, vikulabu vitupu, ambao shule ziliacha kuufundisha mwaka 1941 na Wajerumani wa rika langu wanaukodolea macho kama mimi. Yeye alifundishwa na bibi yake. Akavaa miwani, akasoma: joto ni kali, homa imepungua, mpishi hatimaye amejua kupika viazi, je, dada amekwisha kuchumbiwa? Neno moja kuhusu wale wanawake hakuna. Kabla kahawa haijapoa alikuwa amefungua kompyuta, akaingia kwenye kitabu cha wakazi wa Görlitz cha miaka hiyo, akampata mama wa yule kijana na kazi ya mume wake: seremala.

Nikamuuliza, na hawa wawili? Wale ambao huenda ni bibi wa bibi wa mtu anayesoma hapa sasa hivi? Akaigeuza kadi upande wa picha, akaitazama kwa muda, akasema kwa masikitiko ya kweli kwamba hapa hana pa kuanzia.

Hilo ndilo lililonikera, na bado linanikera. Katika kadi zile sisi tuko upande wa picha. Wao wako upande wa maandishi. Na ukoo hutafutwa upande wa maandishi.

Huyu jirani ana miaka sabini na kitu na kazi yake tangu astaafu ni kuwatafuta wafu wake. Hayuko peke yake. Hapa kutafuta ukoo ni shughuli ya wastaafu kama kwetu kulivyo kucheza bao. Wana vyama, wana majarida, wana siku maalumu za kukutana na kuonyeshana mababu. Urithi wake mkubwa ni albamu ya postikadi ya bibi yake mzaa mama, albamu ya enzi zile yenye kurasa zilizochanjwa ili pembe za kadi ziingie bila gundi. Bibi huyo alikuwa mtu wa Breslau, mji ambao tangu 1945 ni wa Poland na unaitwa Wrocław. Wajerumani wa huko walifukuzwa, wakaondoka na walichoweza kubeba. Familia ikaacha vitanda, vyombo, cherehani. Albamu wakaibeba.

Anavyozisoma kadi hizo, utadhani ni mpelelezi wa makosa ya jinai. Haanzi na salamu. Anaanza na upande wa nyuma. Kama hauna mstari wa kuugawa katikati, na anwani imeenea kote huku salamu zimebanwa pembeni mwa picha, basi kadi ni ya kabla ya 1905, maana ndipo posta ya Ujerumani iliporuhusu watu kuandika ujumbe upande wa anwani. Kisha muhuri. Kisha anwani, na hapo ndipo wivu hunishika. Miji yao ilikuwa ikichapisha kitabu cha wakazi: mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba, jina, kazi, hata ghorofa. Kwa kadi moja tu amejua kwamba babu wa bibi yake alikuwa fundi cherehani, ghorofa ya pili, upande wa uani. Kutoka hapo anakwenda kwenye vitabu vya vizazi, ndoa na vifo, ambavyo Prussia ilianza kuviandika maofisini Oktoba 1874, na vya Breslau vingi vimehifadhiwa na Wapoland wenyewe. Anawaandikia barua, wanamjibu. Wanamjibu!

Sasa jaribu hayo kwa S.L.P.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa reli, Korogwe. Anwani yake ilikuwa sanduku la stesheni. Sanduku hilohilo lilikuwa la stesheni masta, la mafundi, la mwalimu wa madrasa na la mtu yeyote aliyekuwa na ndugu wa kumwandikia na akamjua karani. Ukiifuata anwani ile hufiki nyumbani kwa mtu; unafika kwenye kijisanduku cha chuma chenye kufuli. Na jina lenyewe? Wengine walimwita kwa jina la baba yake, wengine kwa jina la kijiji chake huko Bonde, wengine walisema tu "Karani". Jirani yangu angepata maradhi ya moyo.

Lakini kadi alikuwa nazo. Zilikaa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi, Muheza. Reli enzi zile ilikuwa shirika moja la Afrika Mashariki nzima, kwa hiyo wenzake walihamishwa kama karata: leo Tabora, kesho Kampala, keshokutwa Kisumu. Walitumiana postikadi. Nyingine zilitoka redioni. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle ilipoanza mwaka 1963 Babu akawa msikilizaji wao sugu, na kanisa kuu la Köln mimi nililiona kwanza uvunguni Muheza, miaka mingi kabla sijajua kuwa nitakuja kuishi kwenye nchi yenye baridi hii.

Tulipokuwa wadogo tuliruhusiwa kutazama picha. Kusoma nyuma hapana. Nilidhani ni heshima ya kawaida tu, kwamba barua za mtu mzima hazisomwi na watoto.

Bibi alipofariki, kwenye arobaini yake, binamu yangu mmoja alifanikiwa kulifungua lile sanduku akiwa na simu mkononi. Nilimsihi kabla: piga nyuma, piga nyuma, piga nyuma. Mwanangu, usiku ule zikaingia kwenye simu yangu tembo, twiga, maporomoko ya Murchison, pembe za Kilindini Road kabla haijaitwa Moi Avenue, bandari, twiga tena. Mbele tupu! Nilipompigia akasema nyuma hakuna kitu cha maana, maandishi tu.

Ila moja alikuta imelala kifudifudi, naye akaipiga hivyohivyo bila kuigeuza. Muhuri unasema VOI, 1974. Stempu haikusaidii kitu hapo, kwa sababu ni zile za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania, majina matatu yakipokezana kutangulia, ungeweza kuzibandika Mwanza au Jinja sawasawa. Muhuri ndio shahidi. Mwandiko ni wa mtoto, herufi kubwa zilizopangwa kwa rula. Anamwamkia Baba. Anasema amepanda darasa la tano. Anasema Mama anauliza kama safari hii Idd atakuja au atatuma tena kadi.

Babu hakuwa na mtoto Voi. Yaani, sisi tuliambiwa hakuwa na mtoto Voi.

Fungua ramani ya reli na utaona ilivyokuwa rahisi. Njia ya Tanga inapita Korogwe, inapanda hadi Kahe, na kutoka Kahe kuna tawi linalopita Taveta hadi Voi, lile walilolijenga Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza ili wawafuate Wajerumani. Mtu wa reli alipanda behewa kwa kibali cha kazi, halipi nauli, haulizwi. Kisha mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli likagawanywa, na Februari ya mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Ukafunguliwa Novemba 1983. Karibu miaka saba. Mtoto wa darasa la tano alikuwa ameshakuwa mtu mzima.

Niliituma picha ile kwenye kundi la familia la WhatsApp, na swali moja la adabu. Kundi ambalo kwa kawaida halinyamazi, linalotuma dua ya asubuhi, bei ya machungwa na video za ajali, likakaa kimya siku nzima. Mama Mkubwa ndiye aliyenipigia, pembeni, sauti ya chini: "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite." Mjomba alituma viganja viwili vya dua. Jioni yake, binamu ananiambia, sanduku likahamishiwa kwa Mjomba na likawekwa kufuli jipya.

Nilimkasirikia Mjomba. Halafu nikakumbuka karatasi pekee ya historia ya ukoo wetu iliyo rasmi: muhtasari wa kikao cha ukoo, uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo Babu alipofariki, ili Mjomba ateuliwe msimamizi wa mirathi. Majina ya warithi yameorodheshwa, wake kwa waume, na sahihi chini. Voi haimo. Shamba la michungwa la Muheza liligawanywa kwa orodha ile. Kwa hiyo mimi huku naona postikadi ya mtoto aliyemkumbuka baba yake. Mjomba anaona hati ya madai.

Jirani yangu naye ana kadi ya namna hiyo. Amegundua kwamba bibi yake aliacha mtoto kwa mlezi mmoja huko mashambani kabla hajaolewa. Kadi za mlezi zinasema "mdogo anakula vizuri" na hazimtaji jina. Alipolijua hilo alicheka, akakata keki, akamchora mtoto yule kwenye mti wake wa ukoo kwa mstari wa nukta. Nilistaajabia uhodari wake, na wakati huohuo nikawaza: lakini wewe huna cha kugawana. Nyumba ya Breslau ilishakwenda, cherehani ilishakwenda, waliokuwa na haya wote wako makaburini. Ni rahisi kuwa mkweli juu ya ukoo usio na shamba. Sijui kama hoja hii inamtetea Mjomba au la. Siku nyingine naona inamtetea, siku nyingine naona ni mtu aliyekalia haki za nduguze.

Watu hupenda kusema kwamba sisi tatizo letu ni masimulizi ya mdomo, kwamba hatukuandika. Si kweli, au si kweli kwa Babu. Mzee yule aliandika mno. Kila juma alijaza kadi za salamu za Radio Tanzania, majina ya watu wake kwa mpangilio, nani kwanza, nani baadaye, na kila moja ilikuwa mti wa ukoo kamili uliosomwa hewani mara moja na kutupwa. Mama Mkubwa sasa anakumbuka, baada ya kubanwa, kwamba mwishoni mwa orodha kila mara kulikuwa na "na wote walioko Voi". Walidhani ni wenzake wa kazini.

Tuliandika. Tumeweka kufuli. Na kwa kuwa za kwetu ziko kwenye sanduku la Mjomba, kadi pekee ninayoweza kuishika mkononi na kuigeuza nitakavyo ni ya yule kijana wa Görlitz, kwa euro 35.

Kwa hiyo nauliza hapahapa. Kama wewe ni wa Voi au Taveta, na kwenu kulikuwa na mzee wa reli kutoka upande wa Tanga aliyekuwa akija na gari la mizigo na hakuonekana tena baada ya mpaka kufungwa, niandikie. Shamba muulizeni Mjomba. Mimi nataka majina.